Mtungi wa Kumi na Mbili

Bibi yangu aliteka maji Chokocho,
mtungi kichwani, kata ya ukindu chini yake.
Mie nateka hewa.
Mitungi yangu ya chuma, haipasuki ikidondoka,
na kisima changu ni kompresa ya dizeli
inayokohoa tangu alfajiri nyuma ya banda, Mkoani.
Mshale ukigonga mia mbili, nafunga.
Miaka tisa nafunga.

Leo Bwana Ruud na mkewe Anneke
wametandaza ramani juu ya meza yangu ya vali,
wameikandamiza ncha kwa risasi za mkanda
isipeperuke.
Si ramani ya kwetu. Ni Karibi:
visiwa vimetawanyika
kama mtama uliovuja guniani njia nzima.

Mwaka ujao, wanasema. Bonaire au Saba?
Mume ataka Bonaire:
unaegesha gari, unavaa, unaingia kwa miguu,
hakuna boti, hakuna kutapika.
Mke ataka Saba: majabali yaliyozama wima,
papa wanaopita bila salamu.
Tobago ina mkondo, lakini mvua.
Kozumeli wamekwenda mara mbili,
na mara ya pili Anneke aliibiwa viatu.

Wanabishana kwa upole,
kama watu wanaochagua kanga na pesa wanazo:
hii ina rangi, ile ina jina.

Kisha wakanigeukia.
"Na wewe, Mize? Ungekuwa wewe?"

Nimeshika spana namba kumi na saba.
Mie bahari naijua kwa uzito.
Mtungi ukirudi mwepesi najua nani aliogopa huko chini:
Anneke hurudisha nusu,
Ruud hurudisha mlio mtupu.
Hilo sikulisema. Nikauliza tu:
"Huko, hewa anajaza nani?"

Wakacheka.
Kisha Ruud akaitazama tena ramani,
kama jina lingekuwa limeandikwa pembeni.

Wao hawajui kwamba nami nina ramani yangu.
Shaame, mwenye banda, amesema:
"Jumamosi nafasi moja ipo. Kozi umemaliza, cheti unacho,
teremka basi. Chagua wapi."
Misali, ukuta unaoshuka hadi rangi ya buluu inakwisha.
Njao, mlangoni, maji yanakimbia kama yameitwa.
Panza, meli iliyolala ubavu na kutu yake.
Usiku wa tatu sijalala.
Kupanga ni kuchagua, wanasema.
Nani alisema kuchagua ni usingizi?

Mama hakuniuliza wapi.
Aliuliza, akianika mwani uani:
"Hivyo huko chini macho yanafumbuka?"
Yanafumbuka, mama, kuna kioo.
"Basi niangalizie chini ya kamba zangu.
Miaka ishirini nafunga mwani Makoongwe,
sijawahi kuona upande wa pili wa fundo."

Shaame alicheka akakaa chini.
"Maji ya kifuani! Hapo hata kuku anazamia!"

Nikabeba namba kumi na mbili.
Niliujaza mwenyewe, polepole, usipate moto.

Kwanza sikuona kitu, mchanga tu na pumzi yangu,
ile niliyoifunga jana, inanirudia kinywani
na ladha kidogo ya banda.
Halafu kamba, kwa chini:
mwani umening'inia kama nguo zilizoanuliwa nusu.
Kaa mdogo. Jongoo wawili.
Farasi-bahari, kama kishikizo cha koti,
amekaza mkia kwenye fundo la mama.
Na nyuma ya vigingi
miguu ya mama, imesimama,
kisigino cha kulia kina ufa
ambao juu, nchi kavu, hajawahi kunionyesha.
Kidole kikubwa kilikuwa kinachimbachimba mchanga.
Alikuwa anasubiri.

Nilirudi na mia moja na themanini.
Sikuimwaga.

Ruud na Anneke wameondoka kwa boti ya Alhamisi.
Saba, nadhani. Au walisema Bonaire.
Risasi moja wameisahau mezani,
nami nimeiwekea karatasi zangu.